Fundo la Tisa

4 Februari

Kwa Mjomba, mkuu wa madimbwi yote yanayonuka,

Shikamoo. Itikia kwa sauti, maana najua mashine za kiwanda zimekuharibu masikio na bila shaka unasoma huku unasema "eeh?" Huku sote wazima. Mama, yaani dada yako, anafua mashuka ya nyumba ya wageni kama kawaida, na kunigombeza kama kawaida. Juzi kanirushia sabuni kwa sababu nilikanyaga shuka lililoanikwa kwenye majani. Nikaidaka kwa mkono mmoja. Ungekuwepo ungepiga makofi.

Natimiza sharti lako. Uliponiombea kazi ofisi ya maji ulisema, "Nitakuombea, lakini kila baada ya muda uniandikie barua kwa mkono, maana mtu aliyeitoroka shule kidato cha pili kalamu humsahau upesi." Basi hii hapa. Dereva wa lori la chumvi anapita kwetu akija kiwandani kwenu, nimempa aibebe. Tena na simu zenu mnavyonyang'anywa getini, hata ningepiga ungenipokea saa ngapi?

Sasa sikiliza. Mimi ni Mpima Mto. Herufi kubwa hizo nimeziweka mwenyewe, lakini cheo ni cha kweli. Nasimama darajani, nateremsha majini kisahani cha bati, robo nyeupe, robo nyeusi, kilichofungwa kamba yenye mafundo. Kila fundo ni sentimita kumi. Kisahani kikipotea machoni, nahesabu mafundo yaliyozama, naandika kwenye daftari. Maji yakiwa safi kinaonekana hadi chini sana. Yakiwa machafu kinapotea mapema, kama wewe ile siku tuliyochimba choo.

Afisa wetu anatoka makao makuu. Mimi namwita Bibi Asilimia, kwa sababu hata ukimwuliza kama ameshiba atakujibu kwa asilimia. Anasema nchi yetu imeahidi mbele ya mataifa mambo mengi: miti, moshi, taka, na mito. Ahadi ya mto wetu ni fundo la tisa ifikapo mwisho wa Septemba. Sasa hivi tuko fundo la sita. Na nchi yenyewe unaijua ilivyo ndogo, ukipiga chafya mpaka huu, wa mpaka ule anakwambia pole. Mto mkubwa ni mmoja tu. Na anayeupima ni nani? Mpwa wako. Kwa hiyo ukifikiri vizuri, nchi nzima inaning'inia kwenye kamba yangu.

Usiniombee. Kamba ni imara.

Mpwa wako, Mpima Mto


27 Februari

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Nimeitikia kwa sauti, jirani akauliza naongea na nani. Nimefurahi kusikia hamjambo. Mimi naendelea vizuri, kifua tu kinabana asubuhi, lakini nikishapata chai kinaachia. Mwambie dada yangu asikurushie sabuni. Akurushie jiwe la kusugulia miguu, sabuni ni ghali.

Mwandiko wako unafanana na njia ya kuku aliyepotea, lakini nimesoma yote, mara mbili. Na mara ya tatu nimewasomea wenzangu tunaokaa nao kwenye mabweni ya kiwanda. Walicheka sana pale pa choo. Miaka kumi na tisa nachunga mabwawa ya maji machafu ya kiwanda cha ngozi, na hapa hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina ndugu. Sasa wananiita Mjomba wa Mpima Mto.

Nieleze zaidi ili niwe na la kuwaambia. Unapima asubuhi au jioni? Kila siku au siku maalumu? Mimi huku juu nafungulia maji kidogo kidogo kila siku, yakishatulia bwawani na uchafu kuzama. Wewe huko chini unayapokea baada ya siku mbili. Ndiyo kusema tunafanya kazi moja, mimi na wewe, kwenye ncha mbili za kamba.

Usiache kula. Vijana wa siku hizi mnajaza tumbo kwa maneno.

Mjomba wako


15 Machi

Kwa Mjomba wangu, mwenzangu kazini,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikinuka ngozi kiasi kwamba mbwa wa jirani alimfuata dereva hadi mlangoni. Mama kaisoma akiwa ameiweka mbali na pua, lakini mwishoni niliona kaikunja vizuri, kaitia kwenye kile kikopo chake cha sindano. Pale anaweka vitu anavyovipenda tu. Barua zangu za shule, za kusema nimefukuzwa, hazikuwahi kuingia humo.

Umeuliza siku. Bibi Asilimia alisema, "Pima mara tatu kwa wiki, siku utakazochagua wewe." Sikia hiyo, Mjomba! Serikali imeniambia mimi nichague! Nikachagua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili asubuhi. Jumanne na Alhamisi napaka mafuta kamba. Jumamosi na Jumapili bwana mkubwa anapumzika, anacheza mpira, anafunga magoli. Waambie na hilo hao wenzako wa bwenini.

Kuhusu kazi moja kwenye ncha mbili: nimewaambia wenzangu kwamba mjomba wangu ndiye anayeniletea maji. Wakasema, basi mwambie apunguze rangi.

Mpwa wako, bado Mpima Mto


20 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kifua ni kile kile.

Nina habari ya kukufurahisha. Meneja aliniita ofisini. Miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza nakalia kile kiti chenye mto. Akaniagizia chai kwenye kikombe chenye kisosi. Akasema, "Mzee, nasikia una kijana anapima mto kule chini." Nikajisikia vizuri, sikufichi. Nikamweleza yote: kisahani, mafundo, Bibi Asilimia wako, fundo la tisa, siku zako za kupima na saa yenyewe. Akasikiliza kuliko nilivyowahi kusikilizwa na mtu yeyote mwenye tai. Akasema hongera kwa kulea.

Mengine ni ya kawaida. Ratiba ya kazi imebadilika kidogo. Siku za Alhamisi nakuwa na shughuli mchana kutwa.

Nimemtumia dada yangu vipande viwili vya soli, viatu vyake vya kufulia lazima vimekwisha.

Mjomba wako


2 Juni

Kwa Mjomba, kaa chini kwanza,

Shikamoo. Umekaa? Vizuri.

FUNDO LA TISA NA NUSU.

Soma tena, mimi nasubiri.

Tangu mwisho wa Aprili kisahani kinashuka, kinashuka, mpaka nikadhani macho yangu yamepata ugonjwa wa kuona mno. Saba. Nane. Tisa. Wiki iliyopita, tisa na nusu! Bibi Asilimia kaja mwenyewe, na gari, na mpiga picha. Nikapewa cheti chenye muhuri. Kasimama darajani akasema usafi wa mto wetu umepanda kwa asilimia hamsini na nane nukta tatu, na kwamba ukurasa wa mito kwenye ripoti ya nchi utaanza na sisi. Akasema nchi ndogo kama yetu haina jeshi la kutisha wala mafuta ya kuuza, kinachosikika kwa wenzetu ni ahadi iliyotimizwa. Machozi yakamlengalenga, Mjomba. Mtu wa asilimia, analia! Na mimi nikavaa sura ya mtu aliyezoea vyeti.

Nimekitundika ukutani, pale palipokuwa na kalenda. Mama kauliza, "Na kalenda?" Nikamwambia mtu mwenye cheti hahitaji kujua tarehe.

Mama ndiye peke yake asiyefurahi. Anasema mashuka yanamletea aibu. Ameyasuuza mtoni meupe, yakikauka yana mawimbi ya kahawia kama ramani. Wenye nyumba ya wageni wamemrudishia mzigo mara tatu. Na mikono yake imeanza kuchubuka kati ya vidole, usiku anaipaka mafuta ya taa. Nimemwambia ni sabuni ya bei nafuu, maana mto ni msafi kwa asilimia hamsini na nane nukta tatu. Akaendelea kupaka.

Mpwa wako mwenye cheti


30 Juni

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Hongera kwa cheti.

Mafuta ya taa yanaunguza. Apake mafuta ya mgando, nimempa dereva kopo.

Mwambie dada yangu asisuuze mashuka Jumamosi. Afue Jumanne.

Sina zaidi kwa leo.

Mjomba wako


20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama amepata kopo la mafuta, anashukuru.

Leo sina mzaha. Au ninao lakini hautoki.

Barua yako niliisoma nikacheka: ni fupi mno, nikadhani umeishiwa wino. Halafu nikiwa nimelala nikakumbuka kitu, nikaamka, nikakaa. Mimi sikukuandikia kwamba Mama anasuuza Jumamosi. Nimemwuliza Mama kama alikuandikia yeye. Akasema yeye na kalamu waliachana zamani.

Sasa wewe uliye mwendo wa maji wa siku mbili kutoka hapa, Jumamosi umeijuaje?

Jana ilikuwa Jumamosi. Sikwenda mpirani. Nimekwenda darajani na kisahani. Mjomba, kimepotea fundo la pili. La pili! Nikadhani kamba imenasa, nikavuta, nikateremsha tena. La pili. Maji yalikuwa rangi ya chai iliyochemka ikasahauliwa jikoni, na chini ya daraja kulikuwa na povu. Mama alikuwa pale pembeni, magoti majini, na mashuka yake. Akanyanyua shuka moja nilione, akalirudisha kwenye beseni.

Leo Jumapili kimeonekana hadi fundo la tano. Kesho Jumatatu nitapima saa mbili, na najua nitaandika tisa.

Nimezitoa barua zako kwenye kikopo cha sindano, nimezipanga sakafuni. Nilikuambia siku zangu mwezi wa tatu. Mwezi wa nne ukanywa chai kwenye kisosi. Ukasema Alhamisi una shughuli. Alhamisi ukiongeza siku mbili unapata nini? Hata mtu wa kidato cha pili anapata Jumamosi.

Sikuulizi nani anafungulia koki. Nakuuliza nifanye nini. Ripoti inafungwa mwisho wa Septemba. Fomu yangu ina nafasi tatu tu kwa wiki, hakuna anayedai Jumamosi. Lakini nikiiandika, watauliza kuna nini huko juu. Na huko juu upo wewe.

Mpwa wako


25 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Dereva anaapa barua yangu alikukabidhi mkononi, na kwamba ulisema "haya" ukaitia mfukoni. Haya ndiyo jibu gani?

Mama anauliza kama unaumwa. Nimemwambia una kazi nyingi. Sasa naye namdanganya, umeona ulipotufikisha? Amehamishia usuuzaji Jumanne kama ulivyosema, na mashuka yanatoka meupe. Lakini wengine wote wa hapa, wanaochota, wanaooga, watoto wanaoruka kutoka darajani Jumamosi, hao mjomba wao hafanyi kazi kiwandani. Hakuna wa kuwapa siri.

Nimepima Jumamosi sita. Mbili, mbili, moja na nusu, mbili, tatu, mbili. Zimeandikwa nyuma ya daftari, mahali nilipochora magoli yangu. Bibi Asilimia bado hajaziona.

Cheti nimekigeuza, kimetazama ukuta.

Unikasirikie, unitukane, uniite mtoro wa shule. Lakini uandike.

Mpwa wako


6 Septemba

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Siumwi. Mwambie dada yangu siumwi.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Za kwanza zote zilikuwa za kujitetea, nimezichoma.

Koki naifungulia mimi. Ina usukani wa chuma kama wa lori, na hakuna mkono mwingine ulioizungusha kwa miaka kumi na tisa. Bwawa la pili lilipasuka ukuta mwezi wa tatu. Maji hayatulii tena, uchafu hauzami. Kulitengeneza ni kusimamisha kiwanda wiki tatu, na meneja hataki kusikia. Siku mbili baada ya ile chai aliniita tena, safari hii nimesimama. Akasema, "Mzee, toa maji yote Alhamisi mchana. Siku nyingine funga." Hakueleza, wala sikumwuliza. Kuuliza kulikuwa hakuna haja. Kijana wangu mwenyewe alinipa zile siku, na mimi nikazipeleka ofisini kwa kikombe kimoja cha chai.

Nilijiambia ni mto, utapita. Nikajiambia nimebakiza miaka miwili, na chumba hiki ni cha kiwanda. Ulipoandika habari ya vidole vya dada yangu sikuweza kujiambia kitu kingine. Nikaandika Jumamosi. Nilijua utakamata, kwa sababu tangu mdogo ulikuwa hupitwi na kitu, isipokuwa masomo.

Umeuliza ufanye nini. Andika siku zote ulizopima. Usichague. Kosa letu sote wawili lilianzia kwenye kuchagua siku.

Na Jumamosi ya tarehe 20 upime. Usiniulize kwa nini.

Mjomba wako


11 Oktoba

Kwa Mjomba anayekoroma,

Shikamoo. Barua hii haikupitia kwa dereva wala haijapanda lori. Nimeiweka chini ya kikombe chako mezani, nawe umelala chumba cha pili unakoroma kama mashine ya kusaga. Tumezoeana kuambizana mambo kwa karatasi, na ana kwa ana naishia kukutania tu. Kwa hiyo soma unywe chai. Kisosi hatuna.

Tarehe 20 nilipima. Nilifika mapema. Kisahani kikashuka fundo la tano, la saba, la nane. La tisa. La kumi! Kamba ikaisha, Mjomba, na bado nakiona kule chini kinanitazama kama jicho. Nilipiga kelele hadi watoto wakaacha kuruka. Nilidhani wamelitengeneza bwawa. Sikujua kwamba mtu mzima alikaa Alhamisi kutwa kwenye kiti chake akikataa kusimama kufungulia koki.

Jumatatu yake dereva akanirudishia barua niliyokuandikia ya kujisifu. Akasema, "Mzee hayupo. Wametoa godoro lake nje ya geti." Sikumwambia Mama. Nilikaa darajani siku nzima.

Kisha Jumatano tukakuona unakuja na begi moja, unatembea umeinama upande kama umebeba mtoto mzito. Mama akakimbia na mikono yenye povu. Nikakupokea begi, likanitoka mkononi, likaniangukia mguuni. Ndani, umefungwa kwenye shati la Ijumaa, kuna usukani wa koki! Mjomba! Miaka yote ulikuwa unaniambia mimi ndiye mwizi wa familia. Ukasema, "Nimeondoka nao ili wafikirie kwanza." Mama alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia akiwa amekaa pale pale.

Nakukumbusha pia Jumamosi iliyofuata, usije ukajiona malaika. Fundo la nne. Walipata spana ya kuzungushia koki bila usukani. Ulisimama nami darajani ukayaona maji yanakuja, ukavua kofia.

Yanayobaki unayajua, lakini nataka uyaone yalivyoonekana kwangu. Bibi Asilimia alipokuja kuchukua daftari la mwisho nilimpa nikiwa nimelifungua nyuma, kwenye magoli. Akasoma Jumamosi zote. Akaniuliza, "Siku za kupima nani alichagua?" Nikasema mimi. "Nani mwingine alizijua?" Nikaanza kukunja kamba iliyokwishakunjwa. Akakaa ukingoni na viatu vyake vizuri, akasema taratibu, "Nilishaandika tisa. Hotuba imeshachapishwa." Akatoa kalamu, akakata tisa, akakokotoa chini yake muda mrefu. Akaandika sita na nusu. Halafu akaandika: ahadi haijatimizwa. Hakutaja asilimia hata moja.

Nilikuwa nimejiandaa kusema sijui. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi uso wangu. Ndipo ukatoka nyuma ya mashuka ya Mama, kofia mkononi, ukamwambia Bibi Asilimia, "Mama, aliyezijua ni mimi. Na koki ni mimi. Na bwawa lenye ufa naweza kukuonyesha."

Mjomba, nimejisifu kwa mambo mengi, mengine hata hayakutokea. Yale magoli niliyachora tu. Lakini tangu siku hiyo nikiulizwa mimi ni nani, habari ya Mpima Mto inakuja ya pili. Nisamehe kwa kukupa zile siku kwa mbwembwe. Na mimi nimekusamehe kwa ile chai.

Keshokutwa unaondoka na Bibi Asilimia kwenda kiwandani, kwa gari la serikali, na usukani wako mapajani. Najua unaogopa lile geti. Jana nilikuona unavipiga rangi viatu vyako mara tatu. Mama amekupigia pasi shati, na hilo shati nakuhakikishia ni jeupe kweli. Utarudi, chumba ni chako, ila hicho kifua tukipeleke hospitali, na kukoroma tutakuzungumzia kwenye kikao.

Cheti nimekigeuza tena, nyuma yake nimechora jedwali. Lina nafasi saba kwa wiki.

Haya, amka. Leo ni Jumamosi, karibu saa mbili. Leo kamba utaishika wewe, mimi nitahesabu mafundo.

Mpwa wako